Kocha yuko London, hasira ziko sebuleni

Jumapili ya Agosti 22, 2021, saa mbili na nusu usiku, mtoto wa darasa la tatu alimfuata mama yake jikoni katika nyumba moja ya kupanga huko Mbagala, Dar es Salaam. Alikuwa na swali moja tu.

"Mama, Arsenal wameshinda?"

Mama alifurahi. Alidhani mwanawe ameanza kupenda mpira kama baba yake. Akamjibu kuwa hajui, simu haina bando, asubiri baba arudi atamsimulia. Mtoto hakuondoka. Alisimama palepale mlangoni akichezea pazia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nenda kamuulize mama wa jirani, kabla hajafika."

Hapo ndipo mama alipoelewa. Mtoto hakuwa na habari na mpira. Alitaka kujua ni baba yupi atakayefungua mlango.

Maana nyumba ile, mama anasimulia, ilikuwa na baba wawili. Baba wa siku ya ushindi huja na chipsi kwenye mfuko, humbeba binti mdogo mabegani, huuliza habari za shule na kusubiri jibu. Baba wa siku ya kufungwa huingia haitikii shikamoo. Huuliza kwa nini taa ya chumbani inawaka bure, kwa nini ndala zimezagaa, nani amegusa rimoti. Hajawahi kumpiga mtu. Lakini watoto hula haraka siku hiyo na kwenda kulala bila kuambiwa.

Jioni ile Arsenal ilikuwa imefungwa 2-0 na Chelsea kwenye uwanja wake wa nyumbani. Siku tisa kabla yake ilikuwa imefungwa 2-0 na Brentford, timu iliyokuwa imerudi ligi ya juu ya England baada ya miaka 74. Kocha alikuwa Mikel Arteta. Misimu miwili iliyotangulia Arsenal ilimaliza nafasi ya nane, kisha nafasi ya nane tena, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 25 timu haikuwa na mashindano yoyote ya Ulaya ya kucheza. Katika kibanda umiza anakokwenda baba huyu, ambako kiingilio ni Sh500 na mechi kubwa ni Sh1,000, hapakuwa na mjadala. Kocha aondoke. Aondoke leo, asisubiri hata kesho.

Kocha hakuondoka. Jumamosi iliyofuata, Agosti 28, Arsenal ilikwenda kwa Manchester City ikafungwa 5-0, Granit Xhaka akala kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Mechi tatu, pointi sifuri, bao la kufunga hata moja hakuna, timu inaburuza mkia wa ligi nzima. Kwa saa za Afrika Mashariki mchezo ule ulianza saa nane na nusu mchana, kwa hiyo baba alirudi nyumbani jua bado kali, majirani wako nje, watoto wanacheza.

Mwanawe alikuwa amemsubiri. Safari hii hakuuliza matokeo. Alikuwa na mpango wake mwenyewe: alikwenda chumbani, akavaa jezi nyekundu ya Arsenal aliyonunuliwa Kariakoo sikukuu iliyopita, ile yenye jina la Rwanda begani, akakaa kizingitini. Kwa akili ya mtoto wa miaka tisa, baba akiona jezi atafurahi.

Baba alimtazama akasema, mbele ya watoto wa wapangaji wengine, "Vua hiyo takataka."

Mtoto aliivua palepale nje. Akaingia ndani kifua wazi.

Ni jambo dogo. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyeitwa mjumbe wa nyumba kumi. Wazazi wengi wakisikia kisa hiki watacheka, maana kila mtaa una shabiki wa namna hii, na wengine wanamfahamu kwa karibu zaidi kuliko wanavyopenda kukiri. Lakini mama wa nyumba ile anasema ndiyo siku aliyoacha kuuona mpira kama burudani ya mumewe. Aliuona kama mgeni anayeingia nyumbani bila hodi, na ambaye hakuna mwenye uwezo wa kumtoa.

Tuwe waadilifu kwa baba. Hasira yake haikuanza siku hiyo, na haikuwa ya kipuuzi.

Yeye ni wa kizazi kilichoipenda Arsenal ya msimu wa 2003/04, ile iliyochukua ubingwa wa England bila kufungwa hata mechi moja na kufikisha mechi 49 za ligi bila kupoteza. Vijana wengi wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Kigali walichagua timu miaka ile. Waliona Thierry Henry, Patrick Vieira na Nwankwo Kanu, wakamwona kocha Mfaransa mwembamba mwenye miwani, Arsène Wenger, aliyekuwa ameingia mwaka 1996 na kuchukua ubingwa 1998, 2002 na 2004. Waliamini mambo yatakuwa hivyo siku zote. Nani asingeamini?

Ubingwa haukurudi. Mwaka 2006 klabu ilihamia uwanja mpya wa watu 60,000, madeni yakawa makubwa, nyota wakauzwa. Cesc Fàbregas aliondoka 2011, Robin van Persie akaenda Manchester United 2012 na kuipa ubingwa msimu wake wa kwanza, jambo ambalo shabiki wa Arsenal hapendi kukumbushwa hata na mkewe. Agosti 2011 walifungwa 8-2 na hiyohiyo Manchester United. Miaka tisa ikapita bila kombe lolote, hadi Kombe la FA la 2014. Februari na Machi 2017 Bayern Munich iliwafunga 5-1 Ujerumani, kisha 5-1 London. Mchezo wa pili ulianza kwa saa zetu karibu saa tano ya usiku. Kuna akina baba walirudi nyumbani saa saba kasoro, wakaamka saa kumi na moja kwenda kazini, wakiwa na mabao kumi kifuani.

Na kocha yuleyule alibaki.

Hapo ndipo pana kiini cha jambo. Kufungwa shabiki anakuzoea. Kinachomchoma ni kufungwa, kuona sababu, kupiga kelele, halafu kuona mwenye mamlaka ametulia kama hasikii. Mashabiki wa London waliandamana kwenda uwanjani kabla ya mchezo wa Bayern. Siku chache baadaye, Machi 18, 2017, Arsenal ikicheza na West Bromwich Albion, ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikiburuta bango la kumkataa Wenger asipewe mkataba mpya. Haikupita muda ikaja ndege nyingine na bango la kumtetea. Watu walichangishana fedha kukodi ndege wabishane angani. Timu yao chini ikafungwa 3-1.

Mabango ya kumtaka aondoke yalisambaa dunia nzima. Novemba 2017 moja lilionekana hata mjini Harare, katikati ya maandamano ya kumtaka Robert Mugabe ang'atuke. Mugabe, aliyetawala miaka 37, ndiye aliyetangulia kuondoka. Wenger alikuwa amemaliza nafasi ya tano msimu huo wa 2016/17, mara ya kwanza kukosa nne za juu katika miaka 20, akabeba Kombe la FA kwa kuifunga Chelsea, na siku nne baada ya fainali akasaini miaka miwili zaidi. Alitangaza kuondoka Aprili 2018, katika msimu ambao ulimpa nafasi ya sita.

Mwenye hisa nyingi za klabu tangu 2011 alikuwa tajiri wa Marekani, Stan Kroenke, na mwaka 2018 aliinunua yote. Shabiki wa London angalau alikuwa na tiketi ya kukataa kununua, barabara ya kuandamana, na kiti cha kuacha wazi mpaka kamera ikione. Shabiki wa Mbagala hakuwa hata na hicho. Akigoma, anayekosa pesa ni mwenye kibanda umiza, ambaye ni jirani yake na pengine ni Arsenal mwenzake.

Basi hasira hii itakwenda wapi? Haiwezi kufika London. Haimfikii kocha, haimfikii mwenye timu, haimfikii beki aliyeteleza. Inashuka kwenye bodaboda, inapita kwa muuza duka, na nyumba ya kwanza inayoifungulia mlango ni ya kwake mwenyewe.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa takwimu za polisi, na waliyoyakuta si ya kuchekesha. Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kilichunguza taarifa za ukatili wa majumbani zilizofika polisi wa Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Siku England iliposhinda au kutoka sare, taarifa ziliongezeka kwa asilimia 26. Siku ilipofungwa, ziliongezeka kwa asilimia 38. Kwa hiyo hata ushindi haukuwa salama kwa kila mke.

Wachumi wawili, David Card na Gordon Dahl, walifanya kazi kama hiyo Marekani kwa mpira wao wa miguu, ule wa kofia ngumu, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Wao walikuta kitu kinachomhusu shabiki wa Arsenal moja kwa moja. Timu ikifungwa mechi ambayo ilitarajiwa kuwa ngumu, nyumbani hakuna kilichobadilika. Ikifungwa mechi ambayo kila mtu alitarajia ishinde, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wenza wao uliongezeka kwa asilimia 10. Kinachouma ni tumaini lililovunjika kuliko kipigo chenyewe. Na ongezeko hilo halikusambaa usiku mzima. Lilijikusanya katika muda mfupi, karibu na mwisho wa mchezo.

Utafiti wa tatu, wa jiji la Manchester, ulionyesha picha yenye tofauti kidogo. Mpira ukichezwa, simu za ukatili polisi hupungua, maana mwanaume ana kazi ya kutazama. Ukiisha, zinaanza kupanda na kufikia kilele saa kama kumi baadaye, na matokeo ya mchezo hayana uzito. Ongezeko lote lilitokana na waliokuwa wamekunywa pombe. Kwa hiyo anayesema "ni mpira tu umenikasirisha" huku ameshika chupa ya tano, ajue watu wameshahesabu.

Hapa kwetu kuna kingine ambacho tafiti hizo hazikukigusa: mkeka. Baba anayebeti ameweka Sh5,000 timu yake ishinde, ikifungwa mkeka unachanika na hela ya mboga ya Jumatatu inakwenda nao. Hapo akimlaani kocha, watoto wanadhani ni mapenzi ya timu. Mama anajua ni pesa. Mama wa Mbagala anasema mumewe habeti, na anashukuru Mungu, maana hajui wangefikia wapi.

Halafu kuna lugha. Mtoto haelewi kujilinda wala kushambulia, lakini sentensi anazishika. "Huyu hajui kitu." "Afukuzwe." "Ni mzigo tu pale." Wiki mbili baada ya msimu ule kuanza, mtoto huyo wa darasa la tatu alirudi na daftari la hisabati lenye alama 4 kati ya 10. Mama alipouliza imekuwaje, mtoto alimjibu kuwa mwalimu hajui kitu, afukuzwe. Mama alicheka kwanza. Kisha hakucheka, kwa sababu alikumbuka kwamba baba naye, alipoiona ripoti ya muhula uliopita, alikuwa amesema maneno yanayokaribiana na hayo kuhusu mtoto mwenyewe. Kocha wa timu kubwa akifukuzwa hulipwa fidia yake na mwakani utamsikia timu nyingine. Mtoto wa darasa la tatu akiambiwa ni mzigo, hana pa kuhamia.

Je, mashabiki wanakosea kutaka kocha aondoke? Si lazima. Hapa pia inafaa kusema ukweli wote. Manchester United ilimaliza nafasi ya nane msimu wa 2023/24, mashabiki wengi wakaamini Erik ten Hag amefika mwisho, lakini akashinda Kombe la FA na klabu ikamuongezea mkataba. Oktoba 28 mwaka huohuo wa 2024 ikamfukuza. Miezi minne imepotea, fedha zimetumika, na waliosema mapema walikuwa na haki ya kusema, "Tuliwaambia."

Upande wa pili kuna timu zisizosubiri kitu. Yanga iliachana na Miguel Gamondi Novemba 2024 baada ya kufungwa mechi mbili za ligi mfululizo, na Azam 1-0, kisha na Tabora United 3-1. Ni kocha aliyekuwa ameipa ubingwa miezi michache nyuma. Shabiki wa Simba na Yanga amelelewa katika hali hiyo: kocha akiteleza mara mbili, begi liko mlangoni. Akigeuza uso kuitazama timu yake ya Ulaya na kuona kocha anafungwa mwezi mzima na bado anapewa wachezaji wapya, anahisi anadhihakiwa.

Na kufukuza kwenyewe hakuna uchawi mkubwa kama inavyodhaniwa. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichunguza ligi kuu ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004. Timu zilizofukuza kocha katikati ya kipindi kibaya ziliinuka kweli. Tatizo ni kwamba timu zilizokuwa na kipindi kibaya kama hicho na hazikufukuza mtu ziliinuka pia. Mwenye kushuka sana mara nyingi hupanda, awe na kocha mpya au wa zamani. Jambo hili ukilisema kibandani dakika ya 85 timu iko nyuma kwa mabao matatu, utarudishiwa kiingilio chako ukae nje.

Turudi Mbagala.

Mama hakumwambia mumewe kitu Jumamosi ile. Wala Jumapili. Watu wengine watasema alikosea, mambo husemwa palepale. Yeye anasema alijua kwamba maneno ya palepale yangeanza kwa jezi na kuishia kwa mama mkwe. Bahati ikawa upande wake: baada ya mechi ya City ligi ilisimama wiki mbili kupisha timu za taifa. Arsenal haikuwa na mechi mpaka Septemba 11. Katika wiki hizo mbili nyumba ilikuwa na baba mmoja, yule wa kawaida, na jioni moja wakati anakunywa chai mama akamuuliza anakumbuka alimwambia nini mtoto siku ya mabao matano.

Hakukumbuka.

Hilo, anasema mama, ndilo lililomuuma mumewe kuliko lawama yoyote. Alikumbuka dakika ya kadi nyekundu, alikumbuka nani alifunga bao la tatu, lakini aliyomwambia mwanawe hakuyakumbuka hata neno. Mama alimwelezea. Alimwelezea pia swali la jikoni, la kumtuma kwa jirani akaulize matokeo. Baba aliweka kikombe chini, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kujitetea kuwa ule ulikuwa utani. Akaishia katikati ya sentensi.

Walikubaliana jambo moja, na mama anasisitiza kuwa lilikuwa moja tu, maana orodha ya masharti asingeifuata. Mpira ukiisha, wakishinda au wakifungwa, baba asije nyumbani moja kwa moja. Apitie kwa muuza kahawa wa kona ya pili, kikombe na kashata, abishane na wazee hapo mpaka ammalize kocha kabisa, ndipo aje. Dakika 20 au 30. Wazee wale wana nguvu za kubishana na hawana watoto wadogo.

Haikufanya kazi kila mara. Kuna siku alirudi na kahawa yake tumboni na uso uleule. Lakini siku hizo alijifunza kusema mlangoni, "Leo tumefungwa, niacheni kidogo," na watoto wakajua kwamba hasira ina jina na jina hilo si lao. Kitu kingine kilichobadilika ni kwamba ripoti za shule, ada na daftari la hisabati havikuzungumzwa tena usiku wa mechi. Mama alivihamishia Jumatano, kama hakuna Ligi ya Mabingwa.

Si kila nyumba inaweza kumaliza kwa kikombe cha kahawa. Pale ambapo baada ya mechi mkono unainuliwa, ambapo mama analala na watoto chumba kimoja mlango umefungwa kwa kitanda, hilo halina uhusiano tena na kocha wala mpira, na halisubiri ligi isimame. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bure. Jirani anayesikia naye ana simu.

Arteta, kama inavyojulikana, hakufukuzwa. Arsenal ilimaliza ya tano msimu ule ulioanza kwa kuburuza mkia, kisha ikashika nafasi ya pili misimu mitatu mfululizo, 2022/23, 2023/24 na 2024/25. Baba wa Mbagala siku hizi husema kibandani kwamba yeye alimwamini kocha tangu mwanzo. Mkewe akisikia hutazama dari.

Aprili 26, 2023, Sikukuu ya Muungano, Arsenal iliyokuwa imeongoza ligi kwa miezi mingi ilikwenda tena kwa Manchester City. Ilikuwa imetoka sare mechi tatu zilizopita na watu walishaanza kunong'ona. Saa nne usiku mpira ukaanza. Karibu saa sita Arsenal ilikuwa imefungwa 4-1 na ubingwa ulikuwa unaondoka. Muuza kahawa alikuwa ameshafunga. Baba alitembea, akazunguka hadi barabara kubwa na kurudi, akafika nyumbani saa sita na nusu.

Aliyemfungulia ni mwanawe, sasa darasa la tano, miguu imekuwa mirefu. Hakutakiwa kuwa macho.

"Shikamoo baba. Nne?"

"Marahaba. Nne moja."

"Pole."

Baba akakaa kwenye kochi bila kuwasha taa. Pale kwenye kamba ya nguo iliyopita sebuleni, maana nje kulikuwa na mvua, ilianikwa jezi nyekundu ndogo yenye jina la Rwanda begani. Alikuwa akiivaa binti mdogo.

"Hiyo si yako?"

"Ilinibana," mtoto akasema.

Mama, aliyekuwa chumbani akisikiliza, alijua kwamba jezi ile ilikaa chini ya godoro mwaka mzima, na ilipotolewa ilikuwa bado inamtosha.

"Mwisho wa mwezi tutakwenda Kariakoo tukanunue nyingine," baba akasema.

Mtoto akafikiri. "Ya kuvaa hata tukifungwa?"

Baba alivua viatu, kimoja kimoja, akavipanga ukutani.

"Hata tukifungwa," akasema. "Nenda kalale."